Tone Moja Kila Saa Moja

“Timazi ikinikuta njiani, yenyewe ndiyo inayoniamkia shikamoo!”

Maneno hayo yalitolewa juu ya jukwaa la mbao, mchana kweupe, mbele ya vibarua, mwenye nyumba, dereva wa lori la mchanga, muuza duka la vifaa vya ujenzi na mama wa chai aliyekuwa akisuuza vikombe. Hakuna aliyemuuliza kitu. Aliyasema tu, mwiko mkononi, kama mtu anayetangaza harusi ya mwanawe.

Msemaji alikuwa fundi mwashi, na watu walimwita Jicho. Jina alilopewa na wazazi lilikuwepo, ila lilikuwa limelala usingizi ndani ya kitambulisho. Mafundi wengine wakitaka kujua kama ukuta umesimama wima, walining'iniza timazi, kile kipande cha chuma kizito kilichofungwa kwenye kamba, wakangoja kitulie, ndipo wakapima. Jicho hakuwa na subira hiyo. Alirudi nyuma, akafumba jicho la kushoto, akakodoa la kulia, akakunja mdomo kama mtu aliyeonja ndimu, kisha akatoa hukumu. “Umesimama.” Au: “Bomoeni, umeinama.” Waliobisha walileta timazi yao, wakaining'iniza, wakaondoka wameinamisha vichwa. Timazi haikuwahi kumuumbua.

Aliyeteseka zaidi na majigambo hayo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mke wake, ambaye naye alikuwa mwashi. Huyo walimwita Kamba, maana hakuweza kupanga matofali mawili bila kuvuta uzi kwanza. Timazi yake ilikaa mfukoni siku zote, suruali ikavutwa upande mmoja mpaka akatembea kama mtu mwenye mguu mfupi.

“Huyu,” Jicho aliwaambia vibarua, “hata shati lake anapima kwanza kama vifungo viko wima.”

“Cheka tu, shemeji,” Kamba alijibu bila kuinua uso. “Mimi timazi yangu ikianguka naiokota. Wewe hilo jicho likianguka utaliokota na nini?”

Watu walicheka, na Jicho akacheka kuliko wote. Alikuwa na umri ule ambao mtu anadhani mwili wake ni wa chuma na mafundi wengine wote ni wa udongo.

Zamani hizo, kazi ilikuwa na harufu yake. Mchanga uliomwagika asubuhi, mbao mbichi za jukwaa, moshi wa jiko la mama wa chai, na redio ya kibarua mmoja iliyotundikwa kwenye msumari, ikikoroma nyimbo na kupoteza stesheni kila lori lilipopita. Na juu ya yote, chokaa. Kuta za vyumba zilipakwa chokaa siku hizo, nyeupe pe, na ukiziegemea unaondoka na mgongo wa mzimu. Jicho aliipenda harufu ile. Mkewe alisema akirudi nyumbani jioni, hajui kama amkumbatie au ampige rangi.

Sasa, siku yenyewe ilikuwa siku ya chokaa.

Chokaa mbichi huja kwa mabonge, kama mawe ya kawaida yasiyo na neno na mtu. Ukiyamwagia maji ndipo yanaonyesha tabia: yanachemka, yanafuka moshi, yanatema. Kwa hiyo mwenye akili anamwaga maji kidogo kidogo, anasimama mbali, anakoroga kwa mti mrefu, kisha anaiacha ipoe. Jicho alikuwa na akili. Tatizo ni kwamba siku hiyo alikuwa na watazamaji pia.

“Iache itulie, shemeji,” Kamba alisema. “Tutaitazama ikipoa.”

“Chokaa yangu naijua ikiwa inachemka. Au unataka kuipima kwa kamba?”

Vibarua wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomsukuma. Akainama juu ya pipa, akafumba la kushoto, akakodoa la kulia, akakunja mdomo. Bonge moja lililokuwa limejificha chini bila kupata maji likapata maji wakati huo huo. Likapasuka.

Jicho hakupiga kelele. Aliyepiga ni mama wa chai. Jicho alisimama tu, mikono imeganda hewani, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua chumbani. Uso wake wote upande wa kulia ulikuwa mweupe.

Kamba alimfikia kwanza. Alimshika ukosi, akamburuta mpaka kwenye mpira wa maji, akamlaza ubavu kwenye mchanga.

“Fumbua!”

“Siwezi.”

“Fumbua nimesema! Leo mimi ndiye mkubwa!”

Na kwa vidole vyake vinene vya kushikia matofali akazitenganisha kope, akaruhusu maji yapite juu ya jicho, yaende zake, yaje mengine. Watu walikuwa wamekwisha kuzunguka, na kila mmoja alikuwa na utaalamu wake. Mmoja alisema maziwa. Mwingine alisema mafuta ya kula, kwa kuwa yanalainisha. Kamba, mtu mpole aliyewaomba samahani hata mbwa, aliwaambia wakakaangie hayo mafuta yao nyumbani. Aliwahi kumwona mtu wa gereji aliyerukiwa na maji ya betri, na alichokumbuka ni kwamba yule mtu alioshwa kwa maji matupu, mengi, mpaka waliomuosha wakachoka. Kwa hiyo akamuosha shemeji yake mpaka shati likalowa, suruali ikalowa, na mchanga ukawa tope.

“Shemeji, utaniua kwa mafua,” Jicho alinong'ona.

“Mafua yanapona.”

Wakampakia kwenye lori la mchanga. Hata huko Kamba hakuacha. Alikuwa na dumu la maji miguuni, akamimina njia nzima, dereva akilalamika kuhusu kiti chake, Kamba akimuuliza kiti kina macho mangapi.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine aliyoisahau kichwani. Hakuuliza maswali mengi. Alitundika chupa ya maji ya dawa, akaleta mpira wake mwembamba, akaanza kuosha upya kama vile Kamba hakufanya kitu. Aliligeuza kope la juu ndani nje, na kwa pamba iliyozungushiwa kijiti akatoa vipunje vyeupe vilivyojificha.

“Tazama hii,” alisema. “Ulikuwa unatembea na kiwanda.”

Baadaye alimtonea dawa ya njano, akammulika kwa taa ya bluu, akalitazama muda mrefu kuliko Jicho alivyopenda.

“Nani alikuosha kule?”

Kamba aliinua mkono polepole, kama mwanafunzi aliyeitwa kwa kosa.

“Umeokoa jicho. Chokaa haichomi mara moja ikaacha, inaendelea kuzama. Wangeweka mafuta tungekuwa tunaongea mambo mengine.” Akamgeukia Jicho. “Kioo cha mbele cha jicho kimeungua. Kimepata ukungu. Sasa kazi ni ya dawa ya matone. Kuna ya kutuliza uvimbe na kuzuia wadudu, na kuna ya kulegeza mboni ili maumivu yapungue. Hiyo ya mboni itakufanya uone hovyo na uchukie mwanga, usiogope.”

“Nitaona, daktari?”

“Utaona. Kiasi gani, tutaongea dawa ikishafanya kazi.”

“Kuona tu hakunitoshi. Mimi nasoma kuta. Mimi ndiye timazi.”

“Timazi ni chuma,” daktari alisema, akitafuta miwani yake mezani. “Wewe ni nyama. Iko wapi miwani yangu?”

Mke wa Jicho alifika akihema, futi ya kupimia shingoni, pini zimechomekwa kifuani mpaka mtu asingethubutu kumkumbatia. Alikuwa fundi cherehani, aliyeshonea kwenye baraza ya nyumba yao, na aliacha gauni la mteja mashineni, sindano ikiwa bado imezama kwenye pindo. Alimtazama mumewe, bandeji na tope na yote, akasema, “Leo hata mimi nashindwa kukutania,” na ndipo Jicho alipojua kwamba mambo ni makubwa.

Yeye ndiye aliyekwenda dirisha la dawa. Kulikuwa na foleni nyuma yake, na mtoa dawa alikuwa mmoja wa watu wanaoongea kana kwamba maneno yanauzwa kwa uzito. “Kofia nyekundu asubuhi na jioni, kofia nyeupe kila saa moja, keshokutwa mrudi, anayefuata!” Akamsukumia vibahasha viwili. Alivisoma njiani. Cha kwanza: *tone 1 asubuhi, tone 1 jioni*. Cha pili: *tone 1 kila saa 1*.

Alifikiri, kama mtu makini anavyofikiri. Asubuhi inaanza saa moja. Jioni inaanza saa moja. Kila saa moja. Basi kumbe zote zinakwenda pamoja! Alifurahi kuona kwamba hospitali wana mpangilio.

Na hakuna aliyewahi kufuata masharti ya dawa kwa heshima kama mwanamke yule. Kulipokaribia saa moja alinawa mikono, akamlaza mumewe kitandani, akafungua redio. Redio ilitoa ile milio yake ya kutangaza saa, na mlio wa mwisho uliporefuka, tone likaanguka. La kwanza lilianguka puani. La pili likaingia kwenye sharubu.

“Hizo ndevu zako sasa zitaona mbali,” alisema.

“Mama watoto, lenga jicho.”

“Linachezacheza! Litulize.”

“Nilitulize na nini, kamba?”

La tatu likaingia. Akafunga redio, akaziweka chupa kwenye kikombe juu ya kabati, na hakuzigusa tena mpaka saa moja nyingine. Jirani aliyekuja na pole zake aliambiwa kwa fahari: “Hatukosei hata dakika.”

Lakini jicho halikupoa. Maumivu yaliyotulia siku ya kwanza yalirudi yakiwa na ndugu zao. Kope zilivimba, machozi yalitiririka, na mwanga mdogo uliopenya pazia ulimchoma kama sindano. Kila mke alipotoka chumbani, Jicho alifanya jambo alilokatazwa: alifungua bandeji, akafumba jicho la kushoto, akautazama mhimili wa mlango. Nyumba hii aliijenga mwenyewe. Mhimili ule aliusimamisha kwa jicho lile lile. Sasa hakuona mhimili wala mlango. Aliona weupe, kana kwamba mtu alikuwa amepaka dunia nzima chokaa na kusahau kuacha nafasi ya kupita.

Mkewe alimfumania hivyo, uso umeelekea mlangoni.

“Unatafuta nini?”

Majigambo yote ya jukwaani yalikuwa yamemwishia. “Nikishindwa kusoma ukuta,” alisema, “nitakuwa nani? Kibarua wa mdogo wako?”

“Utakuwa mume wangu. Hiyo kazi haina likizo.” Akamfunga bandeji, akaibana kuliko ilivyohitajika. “Na ukifungua tena hii kitu, nitakushona.”

Keshokutwa ilipofika walirudi hospitali, Kamba nyuma yao amebeba mwavuli wa kumkinga shemeji na jua. Daktari alifungua jicho, akalitazama, uso ukabadilika. Akamulika tena. Kisha akanyoosha mkono.

“Dawa mmekuja nazo?”

Mke akazitoa kwenye mkoba, zimefungwa kwenye kitambaa safi. Daktari akaishika ile ya kofia nyeupe, akainyanyua dirishani kwenye mwanga, akaitikisa.

“Hii chupa mbona imeshiba?”

“Tunaitunza, daktari.”

“Mnaitunza? Mliambiwa mweke mara ngapi?”

“Kila saa moja,” mke alisema, kidevu juu. “Na hatujakosa. Saa moja asubuhi, saa moja jioni. Tena naweka redio ikilia.”

Daktari aliketi. Alivua miwani ya machoni, akavua na ya kichwani, akaziweka zote mbili mezani, jambo ambalo wauguzi walisema hawajawahi kuliona.

“Mama,” alisema taratibu, “kila *baada ya* saa moja. Saa moja ikipita, tone. Ikipita nyingine, tone. Toka anaamka mpaka analala.”

Mke alitazama kibahasha. *Tone 1 kila saa 1*. Maneno ni yale yale, hayakubadilika hata herufi, ila sasa yalimkodolea macho kama mtu aliyemdhania ndugu kumbe ni mgeni.

“Wasingeweza kuandika hilo *baada*?” Kamba aliuliza. “Wino uliwaishia?”

“Nimeliua jicho,” mke alisema.

“Hujaua mtu. Limechelewa, halijafa.” Daktari alikuwa amekwisha kusimama. “Na huyo wa dirishani nitaongea naye mimi. Tunaanza upya sasa hivi. Lala hapo, bwana Timazi. Mama, njoo nikuonyeshe. Usimrushie kama unamwagilia maua. Vuta kope la chini, linakuwa kama mfuko wa shati, unaona? Tone moja humo. Afumbe polepole. Bonyeza hapa pembeni ya pua, dawa isikimbilie kooni. Ya pili ingoje kidogo, usizigombanishe.”

Mfuko wa shati aliuelewa mara moja. Mifuko ya mashati ilikuwa kazi yake.

“Na jicho la kusoma kuta?” Jicho aliuliza akiwa amelala chali.

“Linaweza kubaki na kovu. Linaweza lisibaki. Muulize mkeo na saa yake.”

Walipofika nyumbani, mke alikwenda barazani, akaikumbatia cherehani yake na meza yake, akaiburuza mpaka chumbani, ikikwaruza sakafu ambayo Jicho mwenyewe aliilainisha kwa mwiko. Akaiweka kando ya kitanda. Akatundika saa ya ukutani mbele yake.

“Wateja watakupata wapi?” Jicho aliuliza.

“Wana miguu. Wewe lala.”

Hivyo ndivyo zilivyoanza siku ambazo Jicho anazikumbuka kuliko nyumba zote alizojenga. Alilala chali, bandeji usoni, akisikiliza. Cherehani ilikwenda *trrrr*, ikapumzika kwenye kona, ikaenda tena. Kisha ilinyamaza kabisa, unyamavu wa namna nyingine, na yeye, bila kuambiwa, alirudisha shingo nyuma. Kidole cha mkewe, chenye sugu ya sindano, kilivuta kope. Tone likaanguka, baridi. Kidole kikabonyeza pembeni ya pua. Na kwa kuwa kidole kilitakiwa kikae pale kidogo, na mdomo hauna kazi, ikabidi waongee.

Walikuwa hawajaongea hivyo tangu enzi za uchumba. Yeye alizoea kuondoka alfajiri na kurudi amechoka, mke akimsimulia mambo ya nyumba huku yeye akiitikia “mm” mahali pasipo sawa. Sasa alikuwa hana pa kukimbilia. Aligundua kwamba mkewe ni mtu wa kuchekesha sana, kuliko yeye, jambo lililomuuma kidogo. Kulikuwa na mteja mmoja, bibi harusi mtarajiwa, ambaye kila alipokuja kujaribu gauni alikuwa amenenepa kiunoni, na mama yake mzazi alikuwa akisema ni cherehani ndiyo inayopunguza kitambaa.

“Halafu jana akaja na bwana harusi mwenyewe.”

“Akasemaje?”

“Tone limeisha. Ngoja saa ipite.”

“Mama watoto! Bwana harusi alisemaje?”

*Trrrr.*

Akabaki anangoja. Watu walidhani anangoja dawa.

Haikuwa raha tupu. Kuna siku walizozana kwa sababu alisikia uchungu kooni, akadai amewekewa dawa mdomoni. Ikaonekana mke alisahau kubonyeza. Kuna siku mboni ililegea kwa ile dawa ya kofia nyekundu, alipojitazama kwenye kioo kwa jicho zima akaona la kulia limekuwa jeusi tupu kama la paka gizani, akapiga yowe mpaka jirani akaja na fimbo. Na kuna saa mke alisinzia juu ya mashine, akazinduka, akatazama saa, akaja na chupa huku akilia, na Jicho alijua kwamba analilia zile saa moja za kwanza. Jicho alitafuta mkono wake kwa kupapasa.

“Unalia juu yangu,” alisema. “Yataingia, halafu daktari aseme tumezidisha dozi.”

Siku moja cherehani ilinyamaza, shingo ikarudi nyuma, bandeji ikatoka, na kabla tone halijaanguka akasema:

“Una pini mdomoni.”

Mke alibaki amesimama, chupa juu. Alikuwa na kawaida hiyo ya kubana pini kwa midomo wakati wa kazi.

“Umeniona kwa lipi?”

“La kushoto nimelifumba.”

Ilibidi azitoe pini kwanza ndipo acheke, maana angezimeza. Kisha akalia, kisha akakumbuka dawa. Tone lile lilianguka kwenye sharubu kama la siku ya kwanza, na hakuna aliyejali.

Daktari alipunguza dawa polepole, hakuruhusu iachwe ghafla. Kutoka kila baada ya saa moja ikawa saa kadhaa, ikawa nadra zaidi, mpaka ikafika asubuhi na jioni. “Sasa ndiyo ile saa moja yetu ya mwanzo,” mke alisema, akafungua redio. Cherehani ilirudi barazani. Jicho alilalamika kwamba barazani kuna vumbi, litaharibu mashine. Mke alimtazama. Wote wawili walijua kwamba vumbi halikuwa neno.

Hayo ni ya zamani. Watoto wamekua na kuondoka, mke ana cherehani ya umeme isiyo na kelele, na kuta za siku hizi zinapakwa rangi za makopo zisizotema mtu. Lakini jirani yao mpya ana mashine ya zamani ya kukanyaga. Ikinyamaza tu, mzee wa watu, aliyekaa kivulini na kikombe chake cha chai, shingo yake inarudi nyuma yenyewe. Mkewe akimwona anamwambia, “Dawa imekwisha, baba watoto,” naye anajibu, “Najua. Bwana harusi alisemaje?”

Ila siku zile kulibaki swali moja, na lilijibiwa asubuhi aliyorudi kazini.

Jicho la kulia lilikuwa wazi. Liliona pini, liliona wanawe, liliona mama wa chai aliyemkumbatia akiwa na mikono ya sabuni. Pembeni tu kulikuwa na kovu dogo, kama kioo cha dirisha kilichopuliziwa pumzi na kufutwa vibaya. Vibarua walimshangilia. Redio ilikuwa kwenye msumari wake. Hakuna aliyemwomba kitu, lakini alipanda jukwaani, akajenga kona ya ukuta peke yake, matofali juu ya matofali, mkono ukikumbuka kila kitu. Akarudi nyuma. Akafumba la kushoto. Akakodoa la kulia. Akakunja mdomo.

“Umesimama,” alisema.

Vibarua walipiga makofi. Kamba hakupiga. Alikuwa upande wa pili wa ukuta, na mkono wake ulikuwa mfukoni.

“Toa,” Jicho alimwambia.

“Haina haja, shemeji.”

“Toa, nimesema.”

Kamba akaitoa timazi, akaining'iniza juu ya kona. Ilizungukazunguka, ikayumba, ikatulia. Juu, kamba iligusa tofali. Chini, kati ya kamba na ukuta, pangeweza kupita kidole.

Jicho aliingiza kidole. Kilipita.

Kila mtu alingoja utani wa Kamba. Alikuwa nao wa miaka mingi, umehifadhiwa. Kamba aliikunja kamba yake polepole, akaishika timazi mkononi. “Nilikuuliza utaliokota na nini,” alisema, “sasa naona haya. Chukua hii yangu.”

“Hiyo ni yako. Suruali yako itakosa uzito, utaanza kutembea vizuri, watu wasikujue.”

Akachukua nyundo, akaibomoa kona yake mwenyewe, tofali kwa tofali, akiyapanga chini bila kuyavunja. Kisha akashuka, akavuka barabara, na nguo zake za kazi, mpaka duka la vifaa vya ujenzi. Muuza duka alikuwepo siku ile ya majigambo. Alikuja kudai deni la misumari, akasikia yote.

“Nipe timazi.”

Muuza duka aliacha alichokuwa akifanya. “Ya nani?”

“Ya bwana mmoja anaitwa Jicho.”

“Aa! Amekubali?”

“Tumekutana njiani,” Jicho alisema. “Nimeiamkia shikamoo.”

Muuza duka alipanda kwenye ngazi, akaishusha kutoka rafu ya juu, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaiweka juu ya meza.

“Elfu mbili na mia tano,” alisema, “pamoja na kamba yake.”